Kuvua samaki juu ya barafu: nianze au niachane nayo?

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni mtu wa Kigoma, nina mwaka wa tatu hapa Minnesota, nafanya kazi ghalani kaskazini mwa Minneapolis. Kila ikifika Desemba wenzangu kazini wananialika twende ziwani tukavue samaki juu ya barafu. Baba yangu alikuwa mvuvi, nimekulia kwenye mitumbwi, na kusema kweli uvuvi naukumbuka sana. Lakini mke wangu anasema juu ya maji hakutembewi. Mwanangu wa miaka 10 naye hanipi pumzi, kila siku ni barafu, barafu. Ninunue vifaa au niachane nayo? Ni salama kweli, na inastahili gharama yake?

Jibu: Marahaba, mwanangu.

Mke wako hajakosea, na nitaanza na yeye maana ndiye aliyegusa kiini cha jambo. Kule alikokulia, kama kule Ukerewe nilikokulia mimi, ziwa haligandi. Maji yana mtumbwi, na asiye na mtumbwi hubaki ufukweni. Hofu yake si ushamba. Hapa Minnesota karibu kila msimu wapo wanaotumbukia, na wengi wao ni watu waliozaliwa na barafu, wanaolijua ziwa lao tangu utotoni. Wanatumbukia kwa sababu walizoea.

Ukitaka jibu la haraka ni hili: jaribu mara mbili au tatu kwa vifaa vya kuazima, usinunue kitu isipokuwa vile vya kujiokolea nitakavyokutajia, halafu ndipo uamue. Katika safari hizo usihesabu samaki. Jiangalie kwa jambo moja tu: siku utakayoamka saa kumi alfajiri, ukaendesha saa nzima gizani, mtoto ana hamu, wenzako wako mbele wanakupungia mkono, halafu barafu ikakutia shaka, je, utaweza kugeuza gari? Ukiona unaweza, mchezo huu utakufaa mpaka uzeeni. Ukiona huwezi, kwamba aibu ya kurudi mikono mitupu inakushinda, basi uache, na wala usijilaumu. Nimefundisha wageni wengi kuvua hapa, na tofauti hiyo ndiyo niliyoiona kati ya mtu ninayemwacha aende peke yake na mtu nisiyemwacha.

Sasa barafu yenyewe. Idara ya maliasili ya jimbo imetoa vipimo ambavyo kila mvuvi wa hapa anavyo kichwani. Barafu mpya na ngumu, ile inayoonekana nyeusi kwa kuwa macho yanapita mpaka majini, ikifika inchi 4, yaani sentimita 10, inabeba mtu anayetembea. Pikipiki ya theluji inataka inchi 5 hadi 7. Gari dogo inchi 9 au 10, na pikapu ya wastani inchi 13. Barafu nyeupe, ile iliyotokana na theluji iliyolowa ikaganda tena, nguvu yake ni kama nusu, kwa hiyo kila kipimo hapo juu unakizidisha mara mbili. Chini ya inchi 4 hakuna mjadala, unarudi nyumbani.

Wengi huzishika namba hizo kisha wakapima mahali pamoja na kuridhika. Ziwa haligandi sawasawa kama sinia la barafu kwenye friji. Pale kijito kinapoingia au kutoka, maji yanayotembea yanaila barafu kwa chini huku juu umeona weupe ule ule. Penye chemchemi ni hivyo hivyo. Chini ya daraja, kwenye mlango mwembamba kati ya maghuba mawili, kando ya matete, karibu na magati, na mahali bata bukini walipokuwa wakiogelea wiki iliyopita, kote huko barafu inaweza kuwa inchi 2 hali mita 20 pembeni ni inchi 8. Kuna maziwa mengine yamewekewa mashine za kupulizia hewa majini ili samaki wasife kwa kukosa oksijeni. Penye mashine hizo pana mabango, na ukiyaona, kaa mbali kabisa. Theluji nayo ina hila yake. Ikianguka nyingi mapema juu ya barafu changa, inaifunika kama blanketi, na barafu haikui vizuri hata kama usiku baridi ni kali. Watu wanaangalia kipimajoto, wanasema wiki nzima ilikuwa nyuzi 15 chini ya sifuri, lazima imeshika. Haijashika.

Ndiyo maana chombo cha kwanza cha mvuvi wa barafu ni mtaimbo, kabla ya fimbo na ndoana. Ni chuma kirefu chenye ncha kama ya patasi. Unapotoka ufukweni unapiga mbele yako kabla ya kila hatua, kwa nguvu. Barafu nzuri inaurudisha mkono na kutoa sauti kavu. Barafu mbaya inatoa sauti ya kuloa, kama kupiga gogo lililooza, na mtaimbo ukipenya kwa pigo moja, unarudi kwa nyayo zako zile zile, taratibu. Ukisonga kidogo unatoboa tundu kwa kekee na kupima unene kwa kijiti chenye kulabu. Halafu unasonga, unatoboa tena. Ukihama sehemu, unaanza upya.

Nilijifunza hayo kwa mwili wangu. Ilikuwa msimu wangu wa tatu, katikati ya Machi. Asubuhi nilitoboa matundu mawili, yote inchi 11, nikaona nimemaliza kazi, na mtaimbo nikauacha garini kwa sababu ni mzito. Jioni nikakata njia kupita karibu na matete, mahali ambapo kijito kidogo kinaingia, kijito ambacho wakati wa kiangazi unakiruka kwa hatua moja. Mguu wa kulia ukazama bila sauti yoyote, halafu wa kushoto ukafuata. Bahati yangu maji yalikuwa ya kiunoni na chini kulikuwa na matope magumu. Nilitoka kwa tumbo, nikabiringika kama gogo, kisha nikatembea kwenda garini, labda mita 200. Kabla sijafika, suruali ilikuwa imekauka kwa kuganda, inagonga magoti kama bati, na vidole havikuweza kushika funguo. Nilizishika kwa meno. Siku ile nilielewa kwamba barafu ya Machi si ya Januari hata ikiwa nene mara mbili. Jua limeshaipitia, imegeuka kuwa kama vijiti vilivyosimama wima, na vijiti hivyo vinaachana ghafla.

Anayetumbukia penye kina ana hesabu yake, na mwalimu wake ni Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Canada, ambaye alijitia mwenyewe kwenye maji ya barafu mara nyingi kwa ajili ya utafiti. Anaifupisha hivi: dakika 1, dakika 10, saa 1. Dakika ya kwanza pumzi inakukimbia, unahema bila kutaka, na kazi yako pekee ni kuweka kichwa juu ya maji mpaka pumzi itulie. Dakika 10 zinazofuata mikono na miguu bado inakutii, ndizo za kutoka. Baada ya hapo misuli inakataa, lakini una muda wa karibu saa 1 kabla ya baridi kukupotezea fahamu. Wengi hawafi kwa baridi yenyewe, wanazama kabla yake, wengine ile dakika ya kwanza kwa kupaliwa maji.

Kutoka, unageukia upande ulikotokea, kwa sababu barafu ya huko ilishakubeba. Hapo ndipo vinaingia vitu ninavyotaka ununue leo, kabla ya yote. La kwanza ni jozi ya vishikio vyenye ncha za chuma, vimeunganishwa kwa kamba, vinavaliwa shingoni juu ya koti. Bei yake ni kama dola 10. Mikono mitupu haishiki barafu iliyolowa, inateleza kama sabuni. Kwa ncha hizo unajichomeka mbele, unapiga miguu kama unayeogelea, unapanda kwa kifua, halafu unabiringika. Usisimame. La pili ni koti la kuokolea maisha, juu ya nguo zote, na la mtoto liwe la saizi yake. Ukiingia ndani ya gari juu ya barafu unalivua. Ila mimi nakushauri gari lako usilipeleke kwenye barafu kabisa msimu wa kwanza. Tembea. Na ukimwona mwenzako ametumbukia usimkimbilie. Piga namba ya dharura, 911, lala chini, mrushie kamba au msogezee ngazi. Wanaokimbilia huwa wawili majini.

Nimekaa sana kwenye hatari, najua. Nimefanya hivyo kwa makusudi. Mwishoni mwa Desemba 2023, kwenye Ziwa Upper Red kaskazini mwa jimbo hili, pande kubwa la barafu lilikatika na kuanza kuelea, na watu zaidi ya 100 ikabidi waokolewe. Majira yale yalikuwa ya joto isivyo kawaida. Watu wale hawakuwa wajinga, walikuwa wavuvi kama mimi, wenye vifaa kunizidi. Kalenda ilisema ni msimu, wakaiamini kalenda.

Ziwa nalo linanena, na mgeni asipoambiwa atakimbia bure. Usiku wa baridi kali barafu inaposinyaa na kutanuka inatoa mlio mzito, mrefu, unaopita chini ya miguu kutoka ng'ambo moja hadi nyingine, kama ngoma kuu inayopigwa chini ya ardhi. Wakati mwingine mstari wa ufa unapita mbele yako ukiuona. Mara nyingi hiyo ni barafu inayokua. Mara ya kwanza nilisali kwa sauti.

Baridi nitaipitia haraka kwa sababu unafanya kazi Minnesota na unaijua. Isipokuwa hili: ziwani hakuna jengo la kukuzuilia upepo. Upepo ukiifanya baridi ihisike kama nyuzi 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuanza kuganda ndani ya dakika 30. Nguo ya pamba usiivae karibu na mwili, ikilowa jasho inakugeuka. Vaa sufi au nguo nyembamba za polista, na unapoburuta mizigo fungua zipu ya koti usitoke jasho. Weka ubao au kipande cha godoro la sponji chini ya miguu, baridi ya kweli inapandia nyayoni. Ukiwasha hita ya gesi ndani ya hema, acha tundu za hewa wazi na weka king'ora cha kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina harufu, na imewalaza watu wasiamke. Pombe uwaachie wenzako. Inakupa joto la uongo huku ikikupotezea lile la kweli.

Sasa nikuambie kwa nini, pamoja na hayo yote, mimi naenda.

Wewe umetoka Ziwa Tanganyika, maji ya juu yana joto la kama nyuzi 25 mwaka mzima, na usiku mnawasha taa mkawaita dagaa na migebuka. Samaki wa kwenu anakuja kwenye mwanga. Hapa ni kinyume chake, unamfuata yeye kwenye giza. Maji yana tabia ya ajabu: yanakuwa mazito kuliko yote yakifika nyuzi 4, kwa hiyo yale ya nyuzi 4 yanazama chini na yale ya sifuri yanabaki juu na kuganda. Bila tabia hiyo maziwa ya huku yangeganda kuanzia chini na samaki wasingekuwepo. Huko chini samaki wanaishi, ila taratibu. Hawafukuzi chakula mbali, wanakula kidogo, na hapo ndipo utaalamu wako unaanza.

Tundu lako lina upana wa inchi 6 au 8. Unachota vipande vya barafu kwa upawa wenye matundu mpaka maji yabaki meusi, safi. Fimbo ni fupi, urefu wa mkono tu, na ugwe ni mwembamba kama unywele. Ndoana ina kichwa kidogo cha metali nzito, madini ya risasi au tungsteni, kilichopakwa rangi, ukubwa wa punje ya mchele, na juu yake unachomeka buu mmoja mweupe. Unateremsha mpaka chini, unapandisha kama shubiri moja, kisha unachezesha ncha ya fimbo kidogo sana, kama mkono unaotetemeka wenyewe. Halafu unatulia. Sanfishi, samaki mdogo wa maziwa ya huku, akija anapiga kidogo, tik, kama mtu anayegonga mlango kwa ukucha. Krapi, samaki mwingine wa huku, ana tabia tofauti kabisa. Mara nyingi yeye havuti. Anapanda na chambo juu, na unachokiona ni ugwe uliokuwa umenyooka unalegea. Mzungu wa kwanza aliyenifundisha alikuwa na kifaa maalumu cha waya kwenye ncha ya fimbo cha kuonyesha kulegea huko. Mimi sikukihitaji. Babu alinilea kwenye mshipi wa mkono, ugwe umepita juu ya kidole cha shahada, na kidole hicho kilikuwa kinajua tayari uzito wa chubwi ukipungua maana yake ni nini. Cha kwako pia kinajua. Hilo ni jambo ambalo hukulipoteza ulipopanda ndege.

Na kuna watu. Miezi minne ya baridi hapa inamfungia mgeni ndani, kazini, garini, nyumbani, kazini. Nilikaa miaka miwili simjui hata jirani wa mlango wa pili. Ziwani mtu anakuja mpaka kwenye tundu lako bila kubisha hodi, anauliza kama wanakula, anakuonyesha rangi ya ndoana inayofanya kazi, anakuachia mbili. Ukiwa na kahawa ya moto kwenye chupa unampa. Kwangu mimi hapo ndipo Minnesota ilipoanza kuwa mahali pa kukaa. Siwezi kukuahidi litakutokea vivyo hivyo, lakini ukiniuliza faida ya mchezo huu, naitaja hii kabla ya samaki.

Samaki wenyewe usiwadharau. Sanfishi ukimwona utacheka, ni kama perege mdogo, mviringo, na ladha yake iko jirani na sato. Mpare magamba, mkate mikato mitatu ubavuni, ndimu, chumvi, tangawizi, mkaange mzima mpaka mapezi yavunjike kwa vidole. Krapi ana nyama laini zaidi. Walai ndiye mfalme wa hapa, nyama nyeupe isiyo na shombo, lakini anataka uvumilivu, anakula jua likichomoza na likizama. Kwa mwanafunzi, anza na sanfishi mchana. Waliokomaa sana, wale wakubwa kupita kiganja, warudishe majini, ndio wazazi wa ziwa. Kwa ajili ya zebaki, idara ya afya ya jimbo inashauri watoto na wajawazito wale sanfishi na krapi mara moja tu kwa wiki, na walai asiyezidi inchi 20 mara moja kwa mwezi.

Ukipiga hesabu ya fedha kwa kilo, samaki wa dukani ni rahisi, tena kwa mbali. Mtu akikwambia mchezo huu unaokoa pesa ya kitoweo, hajahesabu petroli. Lakini kuanza si ghali kama maduka yanavyotaka uamini. Kekee ya mkono utaipata kwa dola 50 hadi 90, iliyotumika nusu ya hapo. Fimbo fupi na rili yake dola 20 au 30. Mtaimbo, vishikio vya shingoni, vyuma vya kuvaa chini ya mabuti usiteleze, upawa, ndoana chache. Ndoo ya plastiki ndiyo kiti chako na ndiyo kapu lako. Kwa dola 200 au pungufu unavua, ukiwa tayari una nguo za baridi na koti la kuokolea. Leseni ya mkazi wa jimbo nilikata kwa dola 25, na mtoto wa chini ya miaka 16 hahitaji. Leseni hiyo inakuruhusu mishipi miwili kwenye barafu, wakati kwenye maji ya wazi ni mmoja. Usome kitabu cha kanuni cha mwaka husika, kipo bure, kwa sababu idadi ya samaki inatofautiana ziwa kwa ziwa, na msimu wa walai na wa paiki, samaki mwingine wa huku, kwenye maziwa ya ndani unafungwa mwishoni mwa Februari.

Pesa zinapotea kwenye hatua ya pili. Hema, kekee ya betri, na sona, kile kioo kinachoonyesha ndoana yako na samaki anayeikaribia kama mistari ya rangi. Sona ni kitu kizuri, mtoto wako ataipenda kuliko simu, lakini ni dola mia kadhaa. Na fikiria urefu wa msimu. Karibu na Minneapolis, mwaka wa kawaida, barafu ya kutembea inashika katikati au mwishoni mwa Desemba na kuisha mwanzoni au katikati ya Machi. Ukifanya kazi siku sita, ni Jumapili kumi, toa mbili za dhoruba na moja ya homa ya mtoto. Mwaka kama ule wa 2023 kwenda 2024 hata hizo hazifiki. Nimeona watu wenye vifaa vya dola 3,000 vimelala gereji, na wamiliki wake walitoka mara nne. Nunua hatua ya pili baada ya misimu miwili, kama bado unaamka mwenyewe bila kengele.

Yupo ambaye ningemwambia aache. Mwenye kisukari ambaye nyayo zake hazisikii baridi vizuri. Anayetoka zamu ya usiku na kutaka kuendesha saa mbili kwenye theluji bila kulala, maana barabara inaua kuliko ziwa. Na mtu aliyeupenda uvuvi kwa sababu ya wingi, nyavu kujaa, mtumbwi kuzama nusu. Huyo atachoka upesi, kwa sababu kuna siku ya saa sita na sanfishi watatu. Baba yako alivua ili mle. Wewe utavua ili ukae kimya mahali, na kama kukaa huko hakukupi kitu, hakuna kosa.

Wewe na mwanao mfanye hivi. Msikubali mwaliko wa Desemba. Wenzako wanakimbilia barafu ya kwanza kwa sababu samaki wanakula vizuri, na ni kweli wanakula, lakini hiyo si barafu ya mwanafunzi. Ngojeni katikati ya Januari. Wikendi ya sikukuu ya Martin Luther King, Jumamosi mpaka Jumatatu, jimbo linamruhusu mkazi kuvua bila leseni akiwa na mtoto wa miaka 15 au chini, kwa hiyo siku ya kwanza haitakugharimu hata leseni. Nendeni kwenye ziwa dogo la mjini ambalo watu wengine wameshaweka mahema, lakini hata hapo piga mtaimbo mwenyewe, usiamini nyayo za mtu. Mtoto akuone unapima. Mpe kijiti apime yeye, akutajie namba, na mkubaliane kabla ya kutoka nyumbani kwamba ikiwa chini ya inchi 6 mnarudi na kwenda kula mahali. Nimeongeza mbili juu ya kipimo cha jimbo kwa sababu ni mtoto. Awe karibu nawe, na asikimbie nje ya eneo mlilopima. Akiganda vidole, mmeondoka, hata kama samaki ndiyo wanaanza. Saa mbili zinatosha. Mnapoondoka okoteni kila kitu, mpaka kipande cha ugwe. Kuacha taka kwenye barafu ni kosa kisheria, na barafu ikiyeyuka kila ulichoacha kinakwenda kwenye maji tunayovua.

Safari ya pili, kama mfuko unaruhusu, kodini nyumba ya kuvulia kwa siku moja kwenye Ziwa Mille Lacs. Ni kibanda chenye hita na matundu yaliyokwisha kutobolewa, wenyewe wanakupeleka na kukurudisha, na wao wanalijua ziwa lao kila siku. Utaona uvuvi huu ukiwa na joto ukoje, ndipo utajua kama ulichokipenda ni ziwa au ni hita.

Na mke wako usimshinde kwa maneno. Mwonyeshe vile vishikio vya shingoni, mwambie dakika 1, dakika 10, saa 1. Kila mnapotoka mwandikie kwenye karatasi jina la ziwa, upande mtakaokuwa, na saa ya kurudi, na saa hiyo uitimize hata ukiwa na krapi kwenye ndoana. Siku akisema anataka kuja kuona, beba ndoo ya tatu ya kukalia, na blanketi.